Sura ya Saba: Mlingoti Uani, Kibali Mtaani

Mtu wa Lisbon au Johannesburg akitaka kusimamisha mnara wa redio nyumbani kwake, jirani atalalamika kwamba unaharibu mandhari ya mtaa na kushusha bei ya nyumba. Mtu wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ataulizwa jambo jingine kabisa: unazungumza na nani? Asipokuwa na jibu ambalo mtaa mzima unaweza kulirudia bila kugugumia, mnara wake hautakaa hata awe na mihuri yote ya Maputo.

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya mtu binafsi mwenye leseni, anayeyafanya kwa kujifunza na kwa mapenzi yake, bila malipo. Mezani ana mashine ya kurushia na kupokea, na nje ana antena. Mashine inafichika chumbani. Antena haifichiki, na ndiyo inayobeba lawama zote. Sura zilizotangulia zilieleza jinsi ya kuchagua mashine. Hii inaeleza jinsi ya kuiombea antena nafasi ya kusimama, katika pwani ambako kuomba huko ni kugumu kuliko pengine popote palipotajwa katika kitabu hiki: kutoka mdomo wa Rovuma, kupita Palma, hadi Mocímboa da Praia.

Pwani inayoikumbuka minara

Hofu ya mnara haikuanza jana. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache baada ya Uingereza kuingia vitani na Ujerumani, manowari ya Kiingereza HMS Astraea ilifika Dar es Salaam na kufyatua mizinga. Ilikuwa inakilenga kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani, kwa sababu kituo kile kiliweza kuongea na meli za kivita baharini. Watu wa pwani wakaona kwamba mnara unaosema na walio mbali huvuta risasi kwa walio karibu.

Nusu karne baadaye, 25 Septemba 1964, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza Chai, humu humu katika mkoa wa Cabo Delgado. FRELIMO, chama cha ukombozi, ilirusha matangazo yake kutoka Dar es Salaam, na mkoloni hakupenda yasikike. Mwenye redio ndogo ya kusikilizia tu alikuwa na sababu ya kupunguza sauti. Mwenye mashine ya kurushia angehesabiwa adui moja kwa moja.

Hata hivyo redio ya ridhaa si ngeni Msumbiji. Mwaka 1933 kikundi cha wapenda redio wa Lourenço Marques, Maputo ya leo, kilianza kurusha kwa alama ya CR7AA. Kutokana na kikundi hicho ilizaliwa Rádio Clube de Moçambique, nayo baada ya uhuru, Oktoba 1975, ikawa Rádio Moçambique. Basi redio ya taifa la Msumbiji ilianzia mikononi mwa watu waliokuwa wakichezea waya na betri kwa raha zao. Ila walikuwa kusini, na walikuwa walowezi. Alama za CR7 ziliondoka na ukoloni, zikaja zinazoanza na C8 na C9, na kaskazini mwa nchi hobi hiyo haikupata wenyewe.

Kisha kukaja vita vya sasa. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walivamia Mocímboa da Praia, na tangu hapo kila chombo cha mawasiliano kikawa na pande mbili. Watu wa redio za jamii ndio waliolipa mapema. Amade Abubacar, mwandishi wa redio ya jamii ya Macomia, alikamatwa Januari 2019 alipokuwa akizungumza na watu waliokimbia makwao, akakaa kizuizini zaidi ya miezi mitatu. Ibraimo Abú Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alitoweka 7 Aprili 2020, baada ya kumtumia mwenzake ujumbe kwamba amezungukwa na askari. Hajaonekana tena. Hao walikuwa na vituo vyenye vibali, wakisema mambo ambayo kila mtu aliyasikia. Anayetaka kurusha akiwa nyumbani kwake ajue anaingia katika kumbukumbu ya namna hiyo.

Lakini pwani hii imejifunza na somo la pili, linalopingana na la kwanza. Palma iliposhambuliwa 24 Machi 2021, mtandao wa simu ulikatika. Waliojificha katika hoteli ya Amarula walitegemea simu za setelaiti, na wananchi wasio na simu hizo walikimbilia msituni na ufukweni bila kujua barabara ipi ni salama wala mashua ipi inakuja. Miaka miwili kabla, 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa mji wa Pemba wa Msumbiji na upepo wa kilomita 220 hivi kwa saa, kikakata umeme na simu Ibo na Macomia. Mtandao wa simu ukianguka, mtu mwenye waya, betri na ujuzi ndiye anayebaki na sauti. Anayeomba kibali Palma ana kazi ya kulifanya somo la pili lisikike bila kulidharau la kwanza.

Karatasi zenyewe

Kibali si kimoja. Ni vibali vya aina nne, na kila kimoja kina mlango wake.

Cha kwanza ni cha masafa. Hiki hutolewa na INCM, mamlaka ya mawasiliano ya Msumbiji, na ndicho kinachompa mtu alama yake ya kujitambulisha hewani. Wenye jamaa Mtwara wasikosee hapa: leseni ya TCRA ya Tanzania inaishia Rovuma. Mtanzania mwenye alama inayoanza na 5H akivuka mto na mashine yake, akairusha ng'ambo bila idhini ya INCM, amevunja sheria, hata awe amekwenda kuwaona wajomba zake tu.

Cha pili ni cha ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi namba 19 ya 1997, ardhi yote ni mali ya dola, na mwananchi ana haki ya kuitumia, inayojulikana kwa herufi zake za Kireno, DUAT. Aliyekaa mahali kwa nia njema miaka 10 au zaidi anatambuliwa hata bila hati. Ila sheria hiyo hiyo imeweka maeneo ya hifadhi ambayo kwa mtu wa pwani hii ni mtego: ukanda wa mita 100 kutoka ufukweni, ukanda wa kilomita 2 kando ya mpaka wa nchi kavu, na mita 100 kuzunguka majengo ya jeshi na usalama. Humo haki ya kawaida ya kutumia ardhi haipatikani, na shughuli huhitaji leseni maalumu. Pahala ambapo mpenda redio angepachagua kwanza, yaani ufukweni penye upeo mtupu wa bahari, ndipo sheria inapomzuia kwanza. Asogee ndani.

Cha tatu ni cha ujenzi. Kanuni za mwaka 2004 za leseni za ujenzi binafsi zinampeleka mwombaji kwenye baraza la manispaa au serikali ya wilaya. Mocímboa da Praia ni miongoni mwa manispaa za mwanzo za 1998, kwa hiyo mlango ni wa baraza. Palma, mlango ni wa administrador wa wilaya. Ofisini watataka mchoro: urefu, msingi, umbali kutoka mpaka wa kiwanja, na sahihi ya fundi anayejulikana. Mwombaji aandike kwa Kireno, aambatishe leseni ya INCM, na nakala ya barua aipeleke kwa kamanda wa polisi wa wilaya kabla hajaombwa. Tangu Julai 2021 majeshi ya Rwanda yako pamoja na ya Msumbiji katika wilaya hizi. Doria ikiuona mlingoti usioandikwa popote, haitakwenda kwanza kutafuta faili.

Cha nne ni cha anga. Minara mirefu na iliyo karibu na viwanja vya ndege ni suala la mamlaka ya usafiri wa anga. Palma, Afungi na Mocímboa zote zina viwanja vidogo, na helikopta hupita chini. Mlingoti wa mita 10 uliozidiwa na minazi ya jirani hauna cha kumsumbua rubani. Unaopita minazi unahitaji ushauri wa mamlaka hiyo, na huenda ukatakiwa rangi ya mikanda myeupe na myekundu pamoja na taa ya usiku.

Mlango usio na muhuri

Vibali hivyo vinne havitoshi, kwa sababu sheria yenyewe inajua kwamba nchi haitawaliwi kwa karatasi peke yake. Amri namba 15 ya mwaka 2000 ilizitambua mamlaka za jamii: machifu wa jadi, wanaoitwa regulo, na masekretario wa mitaa. Chini yao kuna viongozi wa nyumba kumi. Hao ndio wanaoulizwa na polisi, na wanaoulizwa na jeshi: huyu ni nani, na kile kitu uani kwake ni nini? Kibali cha mwisho ni jibu lao.

Tena utaratibu una ngazi. Huanzi kwa administrador ukateremka kwa sekretario. Sekretario akisikia habari yako kutoka juu, amedharauliwa, na hatasahau. Unaanza kwa majirani wa pande nne, unakwenda kwa kiongozi wa nyumba kumi, unakwenda kwa sekretario, na mtaa wenye msikiti unamwona shehe wake. Mtu mmoja mwenye heshima mtaani, mwalimu au mzee wa mashua, akutangulie. Maneno yawe machache: "Shikamoo mzee. Nimekuja kukuomba radhi na kukueleza. Nataka kusimamisha mlingoti wa redio uani kwangu. Hauchukui picha, haukamati simu za watu. Serikali imenipa namba, hii hapa. Nikizungumza, mzee wangu, nitakukaribisha usikie kila neno."

Sentensi hiyo ya mwisho ina sheria ya dunia nyuma yake. Kanuni za kimataifa za redio, chini ya shirika la ITU, haziruhusu mtu wa ridhaa kuficha maana ya anachokisema. Hakuna fumbo, hakuna lugha ya siri. Kila mwenye mashine Mtwara, Pemba au Muscat anaweza kusikia, na anatakiwa aweze. Kwa watu waliochoshwa na mazungumzo ya kificho, hoja hii ni nzito kuliko maelezo yoyote ya kiufundi. Basi usiieleze tu, ionyeshe. Weka spika barazani siku ya kwanza, waalike majirani, wasikie mtu wa Kenya akijitaja kwa alama inayoanza na 5Z na wa Uganda kwa 5X.

Asiyefanya hivyo anauachia uvumi ufanye kazi hiyo. Tarehe 7 Aprili 2024, jirani kusini katika mkoa wa Nampula, watu zaidi ya 90 walikufa maji karibu na Ilha de Moçambique, wamejazana katika mashua wakikimbia kipindupindu kilichokuwa kimezungukwa na uvumi. Kaskazini mwa Msumbiji wahudumu wa afya wamewahi kushambuliwa kwa kudhaniwa kwamba wao ndio wanaouleta ugonjwa huo. Ikiwa mtu mwenye dawa anaweza kugeukiwa hivyo, mtu mwenye chuma kirefu asichokieleza atafanywa nini?

Urefu si hoja ya kwanza

Vitabu vingi vya redio viliandikwa na watu wenye viwanja vikubwa na amani ya kutosha, kwa hiyo vinamfundisha msomaji kutamani mnara wa mita 20. Hesabu ya Palma ni nyingine.

Kwenye masafa ya mawimbi mafupi, antena rahisi ni waya wa nusu wimbi, uliokatwa katikati na kuunganishwa na kebo. Urefu wake kwa mita hupatikana kwa kugawa 143 kwa masafa ya megahezi. Kwa megahezi 7.1 waya ni mita 20; kwa 14.2 ni mita 10. Waya wa megahezi 7 ukifungwa chini, mita 4 au 5 tu juu ya ardhi, nguvu yake kubwa hupanda wima, hugonga tabaka la anga lenye chembe za umeme, na kurudi chini kama mwavuli juu ya eneo la kilomita mamia kadhaa. Mchana, mwavuli huo unafunika Mtwara, kilomita 65 hivi kutoka Palma. Pemba, kilomita 245 hivi. Na mara nyingi hata Dar es Salaam, kilomita 460 hivi. Usiku anga likibadilika, mtu huteremka megahezi 3.6 kwa waya wa mita 40. Hayo ndiyo masafa yenye faida siku ya kimbunga au ya vita, na hayahitaji mnara wowote. Yanahitaji minazi miwili, au mnazi na boriti ya paa, pamoja na betri ya gari na paneli ya jua, maana umeme wa EDM, shirika la umeme la taifa, nao hukatika siku hiyo hiyo.

Mnara una maana kwenye megahezi 144 hadi 146, ambako mawimbi husafiri karibu kama jicho linavyoona. Antena ya mita 10 juu ya nchi tambarare ina upeo wa kilomita 13 hivi. Ukiipandisha hadi mita 40, mara nne, upeo unakuwa kilomita 26, mara mbili tu. Kwa hiyo kila mita unayoongeza inakupa kidogo kuliko iliyotangulia, huku gharama, hatari na maswali ya doria vikizidi.

Hesabu ya tatu ni ya kuanguka. Mlingoti ukianguka, na katika pwani ya vimbunga lazima uuhesabie hivyo, uangukie kwako. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30, ukiusimamisha katikati kabisa, urefu usiovuka ukuta upande wowote ni mita 10. Mita 10 ni namba ambayo sekretario anaielewa bila fundi: mzee, ukilala, unalala kwangu. Kimo hicho kinatosha hata kwa antena ya megahezi 14, ambako mita 10 ni nusu ya wimbi, kimo kizuri cha kufika Ulaya na Asia.

Upepo, chumvi na radi

Mwenye kibali bado hajamaliza, kwa sababu mlingoti unaoanguka unawafungia mlango wote watakaokuja kuomba baadaye. Msukumo wa upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Upepo wa kusi wa kilomita 55 kwa saa ukiwa mara nne, kama ule wa Kenneth, unasukuma mara 16. Hakuna bomba la mita 10 la kununua sokoni litakalouhimili kwa kusimama peke yake. Dawa ni mlingoti wa kulaza: bawaba chini, waya za kuvuta pande tatu au nne, na kapi ya kuushushia. Tangazo la kimbunga likitoka, watu wawili wanaulaza. Kati ya Novemba na Aprili, msimu wa vimbunga, zoezi hilo lifanywe mpaka lizoeleke.

Chumvi hula chuma kimya kimya. Bomba lipakwe zinki, nati ziwe za chuma kisichoshika kutu, na waya zikaguliwe kila kusi inapoisha. Radi nayo ipewe njia: waya mnene wa shaba kutoka mlingotini hadi ardhini. Ardhi ya pwani hii, mchanga na mawe ya matumbawe, hupitisha umeme vibaya, hivyo chuma kimoja kilichopigiliwa hakitoshi. Vichimbiwe kadhaa na kuunganishwa, karibu na penye unyevu. Jirani atakapouliza kama mlingoti wako utaivuta radi nyumbani kwake, mwoneshe vyuma hivyo.

Wengine walivyomaliza ugomvi huu

Marekani, wenye minara ya ridhaa na mabaraza ya miji yao waligombana miaka mingi, mpaka mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya shirikisho, FCC, ilipotoa uamuzi unaoitwa PRB-1: mji unaweza kuweka masharti, ila lazima uwape nafasi ya haki wenye leseni. Ugomvi haukuisha, lakini mwombaji alipata pa kushikia.

Oman ilipita njia nyingine. Chama cha kifalme cha redio ya ridhaa kilianzishwa 1972, na Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa na alama yake hewani, A41AA. Nchi ambayo mtawala wake anajitambulisha hewani mbele ya dunia, askari wake hawana haja ya kuuliza antena juu ya paa ni ya nini. Na kwa kuwa Waomani wengi wana Kiswahili na udugu na pwani yetu, mfano huo haupo mbali.

Msumbiji nayo haihitaji kubuni kitu. Mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2003 uliongeza katika ibara ya 25 ya kanuni za ITU maneno yanayozihimiza serikali kuwawezesha watu wa ridhaa kujiandaa kwa mawasiliano ya maafa. Nchi iliyopigwa na vimbunga Idai na Kenneth mwaka 2019, kisha na Chido huko Mecúfi Desemba 2024, ina sababu kuliko wengi ya kulitimiza himizo hilo.

Basi ushauri wa sura hii ni huu. Mwombaji, usianze na mnara. Anza na waya mitini na leseni mkononi, kaa nao msimu mzima wa kaskazi na kusi, mtaa ukuzoee na sekretario akujue kwa sauti yako. Kisha omba mita 10 za kulaza, ndani ya kiwanja chako, nje ya mita 100 za ufukwe na za kambi. Ukikataliwa kwa sababu ya vita, kubali na uendelee na waya. Haki ya kuomba tena haijaisha. Na wewe administrador unayesoma, kumbuka Machi 2021. Mtu anayekuletea barua, mchoro, alama yake na majirani wanne si wa kumwogopa. Kila wilaya ya pwani hii inahitaji angalau mmoja wa namna hiyo, na apewe kibali chake kabla simu hazijakatika tena.